Siki ya Marehemu Gontran

Kila Jumamosi asubuhi, katika soko la Capucins mjini Bordeaux, Anselme Castagnet alinunua tufaha moja tu, akalipangusa kwenye mkono wa koti, akalitia mfukoni. Hakulila. Muuza matunda alidhani ni mgonjwa wa tumbo anayefuata masharti ya daktari, akawa anamchagulia lililoiva vizuri na kumtakia afya njema. Wajane wa kuanzia Blaye mpaka Langon wangeweza kumpa habari nyingine kuhusu matufaha ya bwana yule, na afya wasingemtakia.

Anselme alijitambulisha kama mtaalamu wa divai. Ukweli ni kwamba alikuwa mhudumu wa hoteli kwa miaka kumi na minne, akafukuzwa kwa sababu ambazo hoteli haikupenda kuzitaja na yeye hakupenda kuzikumbuka. Aliondoka na koti jeusi, sauti laini ya kupendekezea watu sahani ghali, na imani moja, kwamba watu hawajui wanachokunywa. Katika hilo, inasikitisha kusema, hakukosea sana.

Wafanyabiashara wa divai wa pande zile wana desturi yao ya tangu zamani. Anayenunua hung'ata tufaha kwanza ndipo aonje, maana baada ya tufaha divai nyekundu huuma ulimi na kuanika kasoro zake zote. Anayeuza naye humkaribisha mgeni jibini, maana jibini hupaka mafuta mdomoni na kasoro zikapita bila kupiga hodi. Ni mchezo wa watu wazima, kila mmoja anaujua na kila mmoja anajilinda. Anselme aliupindua. Tufaha alimlisha muuzaji. Alikwenda kwa mjane ambaye maisha yake yote alikunywa divai ya mumewe pamoja na chakula tu, akamkatia kipande cha tufaha kwa upole, akammiminia divai yake mwenyewe, kisha akautazama kwa huruma uso wa mama wa watu ukikunjamana.

"Imekufa, madamu," alikuwa akisema, kwa sauti ya daktari anayetoka wodini.

Hapo ndipo ilipotoka karatasi. Alikuwa nazo nyingi, zimechapwa vizuri, zikisema kwamba muuzaji anakiri divai hii imegeuka siki, anaiuza kama siki, na hatakuja kulalamika baadaye. Mjane alitia sahihi huku machozi yakimtoka, akamshukuru kwa kumwondolea aibu nyumbani.

Hivyo ndivyo alivyozipata, miaka miwili nyuma, chupa mia mbili za marehemu Fulgence wa Saint-Macaire kutoka kwa mkewe, Léontine. Hazikuwa na lebo. Ndani yake mlikuwa na divai ya kuchanganya kama wanavyochanganya watu wa kule: zabibu ya merlo ya kuleta ulaini, kaberne ya kuipa mfupa, na kiasi kidogo cha zabibu ya tatu ambayo Fulgence alikufa bila kumtajia mtu. Anselme, asiyeheshimu kitu chochote chini ya jua, aliionja siku ya kwanza na paja la kondoo, akaiweka bilauri chini kwa mikono miwili. Kisha akarudiwa na akili zake za kawaida na kuanza kazi. Kila tajiri mjinga aliyetaka divai adimu alifunguliwa chupa moja ya Fulgence, akalishwa bata wa mafuta na jibini la kondoo, akalipa huku akiguna kwa raha, halafu akaletewa makasha ya kitu kingine kabisa, kilichokorogwa ndani ya beseni la kuogea la Anselme kwa divai ya madumu, sharubati ya matunda meusi na chai ya rangi.

Chupa za Fulgence, kwa ufupi, zilikuwa ndoana yake. Zikiisha, hakuna samaki, na Anselme atarudi kubeba sahani. Zilikuwa zimebaki mia moja na themanini, na hakulala bila kwenda kuzitazama.

Sasa alikuwa amepata samaki mkubwa kuliko wote. Daktari wa meno Aurélien Bousquet alikuwa mkuu wa Udugu wa Bilauri na Ubavu, kundi la mabwana arobaini wenye vitambi, mawakala wa nyumba na watu wa bima na wang'oa meno, ambao mara nne kwa mwaka huvaa majoho ya zambarau na kofia zinazofanana na sufuria, wakaapa juu ya ubavu wa ng'ombe uliochomwa kwamba hawatatia maji kwenye divai mpaka kufa. Watu wazima hao. Bousquet alikuwa ameonja chupa ya Fulgence, akafumba macho, akasema maneno mengi aliyoyasoma mahali, akaagiza chupa mia tano kwa ajili ya karamu ya Julai. Ila aliweka sharti moja. Makasha yote yaletwe karamuni, yafunguliwe mbele ya ndugu wote, na Anselme mwenyewe anywe nao.

Sharti hilo liliua beseni la kuogea papo hapo. Lakini malipo yake yalitosha kununua mkahawa mmoja mdogo wa Arcachon, unaotazama maji, ambao Anselme alikwenda kuukodolea macho kila mwezi. Alikuwa ameshachagua kiti chake cha uzeeni, kile cha pembeni penye kivuli. Alihitaji mia tano, naye alikuwa na mia moja na themanini.

Alikuwa kwenye kibanda cha chaza palepale sokoni, akiwaza jambo hilo, aliposikia sauti ya mwanamke upande wake wa kushoto. Alikuwa mama wa miaka kama sabini na mitano, mikono mikubwa ya kazi, na kapu la mboga za artichoki miguuni. Alikuwa akimlalamikia muuza chaza kwamba chupa mia sita za marehemu mumewe, Gontran, zimejaa kwenye ghala la chini ya nyumba na yeye hana mahali pa kuweka mitungi yake ya achari.

Chaza la Anselme lilisimama njiani kuelekea mdomoni. Aliliweka chini, akajifuta, akainama kidogo kama alivyofundishwa hotelini, akasema kwamba yeye ni mpenzi tu wa vitu vya kale na angefurahi kuja kuziona chupa hizo, bila gharama, kwa heshima ya marehemu.

Mama yule, Odile Peyrelongue wa kijiji cha Macau, alimtazama kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kwenye mfuko wa koti uliotuna kwa tufaha, akatua hapo kidogo.

"Ni siki, baba," alisema. "Nakwambia mapema usije ukachoma petroli yako bure."

"Madamu, hayo tumwachie mtaalamu."

"Mimi nimeshasema." Akamgeukia muuza chaza. "Wewe si umenisikia nimesema?"

"Nimekusikia," alijibu muuza chaza, akafungua chaza lingine.

Alhamisi saa sita mchana Anselme alifika Macau na kigari chake. Jikoni mwa Madamu Odile harufu ya siki ilimpiga usoni kabla hajavuka kizingiti. Sufuria kubwa ilikuwa ikichemka, na mezani matango madogo ya achari yalikuwa yamepangwa mitungini yakisubiri. Madamu Odile alimwomba radhi kwa harufu hiyo. Anselme, kwa adabu, alimuuliza ananunua wapi siki kali namna hii, naye akamjibu kwamba hanunui, inatoka humo humo ghalani. Anselme alicheka. Alipenda utani wa watu wa shamba, hasa wakiwa hawajui kwamba wanachekwa wao.

Ghalani alikuta alichokiota. Chupa zilikuwa zimelala safu kwa safu chini ya utando mzito wa buibui, ukungu mweusi umeota shingoni, na vumbi la kutosha kupanda mboga. Lazima ifahamike kwamba Anselme aliliamini vumbi. Miaka yote hiyo alikuwa amewanyunyizia wateja wake vumbi la unga wa mkaa kwenye chupa za wiki iliyopita, na kwa kuwa wao walidanganyika nalo, alikuwa amefikia hatua ya kudanganyika nalo yeye pia. Akauliza habari za marehemu.

"Gontran alikuwa mvivu," alisema Madamu Odile bila chuki. "Pipa linataka kujaziwa kila wiki, divai isikae na hewa. Yeye alikwenda kuvua. Alitengeneza divai mwaka mmoja tu maishani mwake, akachoka."

Katika maneno yote hayo Anselme alisikia matatu, mwaka mmoja tu. Divai adimu, aliwaza.

Wakakaa kula. Kwanza zilikuja artichoki, lile ua la miiba linalochemshwa zima na kung'olewa jani moja moja, pamoja na siagi ya moto. Madamu Odile alisema kwamba Macau ndiko kwao artichoki, na mgeni asiyefika mpaka moyo wa ua hajala. Divai ingekuja baadaye. Anselme alikumbuka kwamba hata hotelini ilikuwa sheria, mhudumu hamimini divai artichoki ikiwa mezani. Aliitii sheria hiyo miaka kumi na minne bila kuuliza sababu. Alidhani ni kwa ajili ya vidole vya wateja, vyenye mafuta, visichafue bilauri. Yeye alikuwa mtu wa ukumbini. Jikoni alikujua mwisho mlangoni, pale sahani zinapopokelewa.

Alikula mbili, akafika moyoni mara zote mbili, akasifu. Ndipo mwenyeji wake alipofungua chupa ya Gontran. Wakati huohuo ubavu wa ng'ombe ulikuwa ukitoka kwenye makaa ya vijiti vya mizabibu, umefunikwa na vitunguu vidogo vilivyokatwakatwa, na moshi umejaa chumba kizima, na kando palikuwa na kipande cha jibini la kondoo lililokomaa mpaka linatoa machozi. Anselme alinywa.

Divai ilikuwa tamu. Haikuwa tamu ya sukari, bali utamu wa ajabu, laini, uliokuja kwanza na kuchelewa kuondoka. Kwa mbali aliona kama uchachu fulani, lakini katika jiko lile kila kitu kilinuka siki, hata paka. Alikunywa tena, akala nyama, akala jibini, akanywa tena. Aliweka uso wa msiba, uso aliokuwa ameufanyia mazoezi mbele ya kioo kwa miaka mingi, na chini ya uso huo roho yake ilikuwa ikipiga vigelegele. Mwanamke huyu alikuwa amekalia hazina na anaitilia matango.

Akatoa tufaha. Alieleza kwamba wataalamu huonja hivi, akalikata vipande, akampa vyote. Yeye mwenyewe hakugusa hata kimoja, kwani asingekubali kuharibu ladha iliyokuwa mdomoni mwake kwa sababu ya kazi. Madamu Odile alitafuna taratibu, akanywa funda moja, na uso wake ukajikunja wote kuelekea puani.

"Siki," alisema. "Siki kabisa."

"Inasikitisha," alisema Anselme. "Nami nimeona hivyohivyo, ila nilishindwa kukuambia."

Watu wawili, meza moja, jibu moja, na mwongo alikuwa mmoja tu.

Akajitolea kuziondoa zote kwa bei ndogo, kwa ajili ya usumbufu. Hapo mama alikataa katakata. Alisema hawezi kuchukua pesa ya mtu kwa siki, atakwenda kumwambia nini padri. Lakini dada yake alikuwa akitimiza miaka themanini Jumapili ile, na nyumba nzima haina divai ya kunyweka. Kama bwana ana divai yoyote, hata ya kawaida, ya watu wa kawaida, amwachie hiyo, yeye abebe siki yote.

Anselme alijifanya anafikiri. Alisema anazo chupa mia moja na themanini za divai ya hivihivi, isiyo na lebo, ya kutilia kwenye supu.

"Hiyohiyo," alisema Madamu Odile. "Sisi ni watu wa supu."

Kitu kidogo kilimkwaruza Anselme moyoni kwa muda wa kumeza mate. Ndoana zake zote. Lakini mia sita kwa mia moja na themanini, na divai ya Gontran ilikuwa, kwa ulimi wake wa saa ile, juu ya ile ya Fulgence. Na mwenye mkahawa Arcachon anahitaji ndoana za nini tena? Akatoa karatasi yake. Madamu Odile alivaa miwani, akaisoma neno kwa neno kana kwamba alishawahi kuiona mahali, kisha akaomba jambo moja la watu wa shamba. Upande wa pili mnunuzi naye aandike kwa mkono wake kwamba aliambiwa ni siki, akaonja, akakubali kwamba ni siki. Ili padri atulie.

Anselme aliandika kwa mwandiko wa madaha, akachora mkia mrefu chini ya jina lake. Mpaka jioni alikuwa amekwenda na kurudi mara tatu, chupa za Fulgence zikishuka, chupa za Gontran zikipanda. Mama alimsaidia kubeba, akampa na artichoki nne za njiani.

Siku mbili zilizofuata hakufungua hata chupa moja. Kila chupa sasa ilikuwa meza ya Arcachon, na mtu hanywi meza yake. Alizipangusa kidogo, asiondoe vumbi lote.

Jumapili mchana mabwana arobaini walikaa katika majoho yao. Bousquet alisoma hotuba ndefu juu ya urithi wa mababu, ingawa babu yake mwenyewe alikuwa akiuza vitasa vya milango. Mbavu zikaletwa, mapaja ya kondoo yakaletwa, sinia la jibini likaletwa, na chupa za kwanza zikafunguliwa. Anselme alisimama.

Hapa msimulizi anaomba aeleweke. Mtu huyu alikuwa hajawahi kuuza kitu cha kweli tangu avue aproni ya hoteli, na sasa aliamini anauza. Uaminifu ulimlewesha kuliko divai yoyote. Alijisikia msafi, mwenye haki, karibu mtakatifu. Ndiyo maana alifanya jambo ambalo mwizi mwenye akili timamu asingelifanya. Alikuwa amekuja na kapu, na ndani yake mlikuwa na matufaha arobaini na moja.

"Mabwana," alisema, "wengine wote wamewauzia kwa jibini. Liondoeni. Mimi nawapa tufaha. Ng'ateni, kisha mnywe, kisha mniambie."

Jibini likaondolewa. Mabwana arobaini waling'ata kwa mpigo mmoja, wakatafuna kwa uzito, wakainua bilauri, wakanywa.

Kwa mara ya kwanza katika historia yao ndugu wale walikuwa na kauli moja bila kupiga kura. Wakala mmoja wa nyumba aliirudisha kwenye bilauri. Mwingine alishika shavu kana kwamba jino limeguswa na waya. Bousquet alimeza, kwa sababu ya cheo, na macho yake yakajaa maji.

"Castagnet," alisema, "hii ni siki."

Anselme alitabasamu. Ni tufaha hilo, aliwaambia, tufaha ni kali, wasubiri kidogo. Akachukua la arobaini na moja, akaling'ata mbele yao, akanywa bilauri nzima ili awaaibishe.

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda kidogo, halina mwenyewe. Aliomba kasha jingine. Likafunguliwa, akanywa. Akaomba la tatu, na safari hii hakuhitaji kunywa, pua ilitosha. Mtu mmoja wa bima, mchumi kuliko wenzake, aliitia ile yake kwenye saladi, akakoroga, akasema kwa sauti kwamba hapo imekaa vizuri. Ndipo walipocheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfukuza Anselme kabla ya mikono yao. Mabwana arobaini wenye kofia za sufuria waliyarudisha makasha garini kwake wenyewe, wakayatupa ndani bila ustaarabu, na matufaha yaliyong'atwa yakamfuata mpaka kona ya barabara.

Alifika Macau jua likiwa bado juu, karatasi mkononi, koti limechanika begani. Uani kulikuwa na meza ndogo, na vikongwe wawili wanakunywa supu ya kitunguu saumu. Mmoja alikuwa Odile. Mwingine alikuwa ameinamia bakuli lake, na Anselme hakuwa na nafasi ya kumtazama. Alipiga kelele kwamba ametapeliwa. Yeye, Anselme Castagnet, alitamka neno hilo bila aibu.

Madamu Odile alimalizia kijiko chake kwanza.

"Nilikwambia sokoni, mbele ya shahidi," alisema. "Nikakwambia jikoni. Nikakwambia na tufaha lako mdomoni mwangu. Kisha ukaandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Unataka nikwambie mara ngapi, mwanangu?"

"Lakini niliionja. Ilikuwa tamu."

"Ulikula artichoki mbili. Ukishakula artichoki, hata maji ya bomba ni matamu, ndiyo maana hakuna mpishi anayemimina divai juu yake. Miaka yote hiyo ya kubeba sahani hukuwahi kuuliza jikoni?"

Vidole, aliwaza Anselme. Mimi nilidhani ni vidole.

Kisha akamuuliza alijuaje kwamba yeye alikuwa mhudumu. Odile alijibu kwamba alijua mengi. Dada yake alimsimulia mtu wa koti jeusi anayeinama kama yuko hotelini, mwenye tufaha asilolila, alilodai ni la soko la Capucins, na karatasi iliyochapwa. Basi Odile akakaa Jumamosi nane kwenye kile kibanda cha chaza, yeye ambaye chaza humwasha mwili, mpaka alipomwona mtu ananunua tufaha moja na kulitia mfukoni.

Yule mwingine aliinua kichwa, na Anselme akamtambua. Alikuwa Léontine wa Saint-Macaire. Miaka miwili iliyopita alimwacha jikoni kwake akilia.

Supu ya Léontine ilikuwa imebaki kidogo chini ya bakuli. Akachukua chupa isiyo na lebo, akamimina divai ya Fulgence palepale juu ya mabaki ya supu, nusu bilauri, akazungusha, akaliinua bakuli kwa mikono miwili na kunywa mpaka mwisho, kama walivyokunywa wazee wao wote wa mashambani. Divai ile, ambayo Anselme aliigawa kwa matajiri tone kwa tone, ndani ya kitunguu saumu. Iliuma kuliko matufaha yote ya mchana ule. Léontine alijifuta kwa kiganja.

"Fulgence alininyima safari, akaninyima magauni," alisema. "Kila mwaka aliniambia ngoja, mke wangu, utaona divai hii. Halafu ukaja wewe ukaniambia ni siki. Miaka miwili napita kaburini kwake siweki hata ua moja, nimemkasirikia maiti." Akaliweka bakuli chini. "Jana nimempelekea maua. Nimemwomba radhi. Wewe usiniombe, sina kazi na radhi yako."

Madamu Odile aliinuka, akaingia ndani, akarudi na mtungi mmoja wa matango ya achari, akauweka mikononi mwa Anselme na kumwambia kwamba umetengenezwa kwa siki ya ghala lile lile. Siki ya Gontran, alisema, ni siki nzuri sana kwa mtu anayeiuza kama siki. Kisha akakaa, akamkatia dada yake mkate, na wote wawili wakamsahau akiwa bado amesimama mbele yao.

Bordeaux hakurudi, kwa kuwa mabwana arobaini wana ndimi arobaini. Ndoana zimekwisha. Kiangazi hicho mkahawa mmoja mdogo wa Arcachon, unaotazama maji, ulimchukua Anselme kama mhudumu, pamoja na makasha yake, ambayo mwenye mkahawa aliyapokea kwa ajili ya mchuzi wa vitunguu vidogo unaomiminwa juu ya chaza. Wateja huusifu mchuzi huo na kuuliza siki inatoka wapi. Kiti cha pembeni penye kivuli hukaliwa na wengine, yeye hukipangusa. Na artichoki zikiwa mezani hamimini divai, husimama na chupa kifuani akingoja. Mteja akitaka kujua kwa nini, Anselme huinama kidogo na kumjibu, kwa ile sauti yake laini, kwamba ni kwa ajili ya vidole.